Kwa Nini Wananiita Posisyo

Faraja mwanangu,

Kompyuta yako iko pale mezani, wazi, kama ulivyoiacha. Usiiguse bado. Soma karatasi hizi mpaka mwisho ndipo uinuke, tena usome ukiwa umeketi. Nakujua. Barua wewe huisomea mlangoni, kiatu kimoja mguuni, jicho moja kwenye simu. Leo nakuomba kiti.

Sasa ni saa tisa alasiri. Wewe uko Kanyaruchinya, umeenda kumuaga shangazi yako kule kwenye kambi ya wakimbizi, na kesho asubuhi boti inakuchukua kwenda Bukavu, chuo kikuu. Umeme umekatika tangu saa sita na haujarudi. Nimekaa kwenye kiti hiki nikainuka mara tano. Nimeenda kujaribu kufuli la valizi yako ya safari, nikarudi, nikaenda tena kwa sababu nilisahau kama nililifunga. Mama yako, anayechekecha unga wa muhogo pale barazani, ameniuliza kama nimekalia siafu. Nikamwambia naandika. Akasema basi niandike, niache kumtembezea vumbi.

Mambo ya maji ya kuchemsha, ya neti ya mbu, ya nani umwamini na nani usimwamini, mama yako ameshayasema na atayasema tena bandarini. Mimi nina jambo moja tu, na ninakimbizana na shangazi yako kulisema. Yule dada yangu hana breki mdomoni. Ukimwambia kwamba unakwenda kusomea ramani, na kwamba papa yako alikufungia kompyuta usoni, atacheka kwanza, halafu atakuambia. Nataka ulisikie kwangu. Kama ameshakuambia, soma tu hivyo hivyo, maana nusu ya jambo lenyewe haijui.

Tuanze na Jumapili. Ulirudi kutoka kanisani una furaha. Ulikuwa umepata ile picha ya Masisi, kwetu, iliyopigwa na setilaiti, vilima vyote vimejikunja kama shuka lisilopigwa pasi, ukaiweka mbele yangu kabla sijamaliza kula. Ukasema, "Papa, weka kidole. Nyumba yetu ilikuwaka wapi?" Nikakwambia nimesahau. Ukacheka. "Mutu hasahau kwabo, Papa." Ukanishika mkono kuuvuta kwenye kioo. Hapo ndipo nilipoifunga kompyuta kwa nguvu, mchuzi ukamwagika, nikasema mambo ya vita usiniletee mezani. Wewe ukajibu polepole, na huo upole ndio ulioniuma: "Haiko mambo ya vita. Ni ramani. Weye unaogopa ramani."

Ni kweli, naziogopa. Mimi ni mwalimu wa darasa la tano, watoto wangu wanakutajia mito ya Ulaya bila kupumua, lakini ramani ya Masisi sijawahi kuitundika ukutani hata siku moja. Mkurugenzi aliniuliza mwaka fulani iko wapi. Nikamwambia imeliwa na panya.

Tangu Jumapili unanisalimia kwa adabu kama mgeni. Na leo asubuhi umefungua picha ile ile, ukasema, "Naiacha wazi, Papa. Ukitaka," ukapanda pikipiki ukaondoka. Ulikuwa ujanja wa kikatili kidogo, nakupa heko. Nimekaa na hiyo picha mchana kutwa.

Ulipokuwa mdogo uliniuliza kwa nini watu wa kwetu, tukikutana nao pale mtaa wa Majengo, wananiita Papa Posisyo. Nilikuambia ni kwa sababu nasimama vizuri kwenye kwaya. Ukaamini, tena ukajivunia kwa wenzako. Nilikudanganya. Jina lile lina habari yake, na habari yenyewe ndiyo hii.

Nilikuwa kijana, nina diploma ya ualimu lakini sina shule, kwa sababu madarasa yalikuwa yamejaa wakimbizi. Vita vilikuwa vimeingia vilimani tena, mara ambayo hata kuhesabu tulishaacha. Mama yako nilikuwa nimemuoa mwaka ule ule, na alikuwa na mimba ya miezi saba. Likaja shirika moja likitafuta vijana wanaojua njia za Masisi na wanaojua Kifaransa. Kazi ilikuwa kupita kijiji kwa kijiji na mashine ndogo ya GPS, kuandika palipo na chemchemi, shule na zahanati, ili msaada ujue pa kupita. Tulifundishwa siku mbili. Unainua mkono, unasubiri mashine itafute setilaiti zake, inalia pii, inakupa tarakimu za mahali uliposimama. Wewe utacheka, siku hizi simu inafanya hayo mfukoni. Sisi tulijiona tumeshika mbingu.

Kwa Kifaransa wakufunzi walisema tunachukua posisyo. Sisi kwa Kiswahili chetu tukasema kukamata posisyo, kwa sababu kwetu kila kinachochukuliwa kinakamatwa. Tunakamata basi, tunakamata dawa, tunakamata hata ushirika kanisani. Hakuna aliyeona ubaya.

Lakini wewe, ingawa umezaliwa Goma, unajua neno posisyo kule vilimani lina maana gani. Ni mahali wenye bunduki walipojikita. Mtu akisema kilima fulani wamekamata posisyo, hana haja ya kuongeza neno. Unabeba mtoto, unabeba godoro, unaondoka. Mimi nilikua na neno hilo. Nilishalikimbia mara mbili kabla sijaota ndevu. Kisha nikapewa kizibao kipya chenye mifuko minane, kichwa kikajaa Kifaransa cha wakufunzi, nikalisahau.

Makosa yalianza madogo. Wiki ya kwanza nilifika kilima kimoja chenye majina mawili. Wakulima wana lao, wafugaji wana lao, na kila upande unaona la wenzao ni la wapita njia. Fomu ilikuwa na nafasi ya jina moja. Nilikuwa na kiu, mzee mmoja mfugaji akanipa maziwa mgando, nikaandika jina lake. Maziwa yalikuwa mazuri sana. Miaka mingi baadaye niliikuta ramani hiyo ofisini kwa mtu, jina moja limechapwa kwa wino mweusi, na wale wa jina la pili walikuwa wamekaa kwenye benchi nje ya ofisi hiyo hiyo, wamekuja kuuliza kwa nini hawaonekani. Nilipita mbele yao nikiangalia saa yangu. Ukikuta majina mawili, andika mawili. Nafasi ikiwa ndogo, bana herufi. Sikutaka kukupa maagizo na hilo limeniponyoka.

Ngoja niguse kompyuta. Nimegundua ikiachwa inazima kioo, basi kila baada ya muda nagusa kitufe kimoja cha pembeni ambacho hakifanyi lolote. Kwenye kona, penye alama ya betri, pameandikwa asilimia thelathini na moja.

Wiki ya pili ikawa zamu ya kilima chetu. Niliomba nipewe mimi. Nilitaka mama yako anione na kizibao. Gari lilibaki barabarani na kiongozi wa timu, nikapanda peke yangu, nikaanzia chemchemi iliyo chini ya kijiji. Pale nikamkuta shangazi yako anachota maji. Alikuwa msichana wa miaka kumi na minne hivi. Akaniona mimi yaya yake, kaka mkubwa, nimeinua mkono, nimeshika kidude cheusi.

"Yaya, ile ni motorola?"

Motorola ndivyo tulivyoziita redio za mkononi za makamanda. Ningekuwa na akili ningemwambia ni kitu cha kutafutia njia, au ningemwita aje aone. Badala yake nilijivuna.

"Hapana. Hii ni ya kukamata posisyo."

"Posisyo ya nani?"

"Ya bakubwa. Leo nakamata ya chemchem, kisha ya nyumba ya masomo, kisha ya kule juu kwetu. Kesho bengine batakuya. Kilima yote itakuwa imekamatwa."

Akanitazama. "Na weye uko pamoja nabo?"

"Niko nabo," nikasema, kifua mbele.

Akaacha bidoni yake ya maji pale pale, akapanda mbio. Nikafikiri amekimbia kumwambia mama yetu kwamba mtoto wake amepata kazi. Nilitabasamu, Faraja. Hilo tabasamu ndilo ninaloliona nikifumba macho.

Chini ya miti mashine ilikataa kupata setilaiti, nikahangaika nayo karibu saa nzima. Mvua ikaanza. Nilipofika shuleni hapakuwa na mtu. Nikapanda kijijini, milango wazi, mbuzi amefungwa kamba anapiga kelele. Nyumbani kwetu sufuria ya mama yako ilikuwa motoni, maharage bado yanachemka, maji yamekaribia kukauka. Nikajua vita vimefika kutokea upande wa pili wa kilima. Sikujua kwamba vita vyenyewe ni mimi.

Nikashuka mbio mpaka kwenye gari. Kiongozi akauliza, "Kuna watu?" Nikasema hakuna mtu, kilima kitupu. Akaandika kwenye fomu kwamba kijiji kimeachwa, akanipa nitie saini. Nikatia. Dereva alishawasha gari.

Niliwapata siku ya tatu, ng'ambo ya mto, ndani ya msitu, wamelala chini ya majani ya migomba. Wa kwanza kuniona alikuwa shangazi yako. Akanijia mbio, akaninong'oneza kwa furaha kama mtu aliyefanya kazi yake vizuri: "Yaya, bale bameenda? Batu ba posisyo?"

"Nani?"

"Bale ulisemaka."

Nikaelewa kwamba maneno yangu ya chemchemini aliyasikia kama onyo, nikakaa kwenye matope.

Mama yako alikuwa ndani zaidi, amelala ubavu, shuka la mwanamke mwingine limemfunika. Walipovuka mto maji yalikuwa yameshajaa kwa mvua. Akaanguka juu ya mawe. Mtoto alizaliwa jioni ile ile, mvulana, hakulia. Asubuhi wanawake wakamzika, kwa sababu mimi sikuwepo. Nilimuuliza wapi, akaelekeza kwa kidevu, "Kule." Hakusema zaidi nami sikuuliza zaidi. Siku hiyo sikuuliza kwa aibu. Baadaye sikuuliza kwa mazoea. Miaka imepita, mwanangu, ishirini na zaidi, na mimi, mtu niliyefundishwa kupata tarakimu za kila chemchemi, sijui mwanangu wa kwanza amelala wapi.

Ulikuwa na kaka. Sasa unajua. Na unajua kwa nini wewe, uliyekuja baada ya miaka sita ya kungoja, uliitwa Faraja.

Nimeinuka tena. Nimeenda mpaka kwenye lango kuangalia kama unakuja. Nataka uje na sitaki uje. Mama yako ameniona nikifuta uso, akarudi kwenye chekecheo lake.

Halafu kuna ile saini. Watu walirudi kilimani baada ya juma moja, hakuna aliyewafukuza, mashamba yako palepale. Msimu ukafika. Magari ya mbegu na majembe yakapita barabarani, yakaenda mbele. Tukashuka kuyasimamisha. Mtu mmoja akafungua karatasi kubwa juu ya boneti, akatuonyesha: hapa kijiji kimeachwa. Tulikuwa tumesimama mbele yake watu zaidi ya hamsini. Nilirudi kwa kiongozi wangu kuomba wafute. Akanihurumia, kweli, akaniambia ramani imeshachapwa na imeshatumwa. Nikarudisha mashine na kizibao siku ile. Kufikia mwisho wa mwaka nusu ya kilima ilikuwa imeshuka Goma, na sisi tukiwa ndani yake.

Jina alilianzisha jirani mmoja, hapa hapa mjini, kwa kucheka. Watu wa kwetu walicheka ili wasinipige, nadhani. Papa Posisyo. Walipozoea, wakasahau kwa nini. Shangazi yako hajasahau. Yeye anaamini kosa ni lake, kwa sababu ndiye aliyelipandisha lile neno kilimani. Nimemwambia mara nyingi kwamba yeye alisema nilichosema. Hasikii. Ndiyo maana kila mara anakupa ndizi nyingi kuliko unavyoweza kubeba.

Sasa nikuambie jambo ambalo hulijui kuhusu wewe mwenyewe. Ulipoanza ile kazi ya ramani ya kambi, wewe na wenzako, nilikuja Kanyaruchinya kwa siri. Nilimdanganya mama yako kwamba naenda mkutano wa walimu. Nilisimama nyuma ya tangi la maji, mzee mzima, kama mwizi wa kuku. Nikakuona unawafundisha vijana wa kambini namna ya kuandika mabomba na mifereji kwenye simu zao. Mmoja akasema kwa sauti, "Tukamate mapointi ya huku kwanza." Nilikuwa tayari kutoka na kukuvuta mkono nikurudishe nyumbani.

Kisha akaja mama mmoja, amekunja uso, akakuuliza mnaandika nini mbele ya hema lake. Ukaketi juu ya jiwe, miguuni pake, ukamwonyesha kioo. Mlizungumza muda mrefu. Sikusikia maneno. Nikaona anatikisa kichwa, na wewe ukafuta kitu kwenye simu, ukamwonyesha tena, akaridhika. Wenzako walishatangulia mbali. Ulikaa naye mpaka akamaliza. Nilirudi nyumbani kwa miguu, njia nzima, nikiwaza kwamba msichana wa miaka ishirini anajua kitu ambacho kilinigharimu mtoto. Ningepaswa kukuambia siku ile. Jumapili, badala ya kukuambia, nikamwaga mchuzi.

Basi siogopi kwamba utakosea kama mimi. Utakosea kwa namna yako, hiyo siwezi kukuzuia. Naogopa kwamba ukirudi kutoka Bukavu utakuja na maneno mapya, na yatakuwa mazuri mdomoni, na utafundisha wengine waliotoka vilima vingine wenye maneno yao. Mtu akikuuliza unafanya nini hapa, huyo ndiye kazi yenyewe. Mimi niliona ananichelewesha. Na lile neno kukamata silipendi, hata leo. Ningekuwa mimi ningesema nimekuja kuomba mahali hapa. Najua kwa Kifaransa ni upuuzi mtupu. Cheka tu.

Nilidhani barua itaishia hapa. Nilikuwa nimeshafikiri namna ya kukuaga, maneno mazuri kidogo ya baba mwalimu. Lakini kumetokea jambo, saa moja tu iliyopita.

Mama yako aliingia kuniuliza mfuko wa unga aufunge kwa kamba au kwa kitambaa. Mikono ilikuwa nyeupe mpaka kwenye viwiko. Akasimama nyuma yangu.

"Ile ni nini?"

"Ni kwetu. Kutoka juu."

Akainama. Nikafikiri hataona kitu. Mimi mwenyewe mchana mzima nilikuwa nimeona kijani na kahawia tu, na mama yako hajasoma ramani maishani mwake. Kisha akaanza kusema, kama mtu anayetembea.

"Hii ni mto yetu. Hapa inakunja. Hapa ni njia ya ng'ombe. Hapa tulivukaka."

Kidole chake kilikuwa kinapita juu ya kioo bila kukigusa. Kikavuka mto, kikapanda kidogo upande wa pili, ambako pana kitu cheupe, jiwe kubwa nadhani. Hapo kikagusa. Faraja, nikauliza swali nililopaswa kuuliza kabla hujazaliwa.

"Ni hapo?"

"Ni hapo. Chini ya ile jiwe. Balimulalisha kichwa kinaangalia mto."

Nikaanza kumwambia. Nilikuwa na maneno ya miaka yote hiyo na yote yalitaka kutoka kwa pamoja: kwamba lile neno ni langu, kwamba nililisema chemchemini kwa majivuno, kwamba dada yangu hana kosa. Akaniacha nimalize. Halafu akasema, "Nilijua tangu siku ile. Nani mwingine kwetu alikuwaka na Kifaransa ya kutupa?"

Sikujua nicheke au nilie. Nikalia, nasema wazi. Akaniuliza, "Ulishasikia miye nakuita Posisyo?"

Nikafikiri. Hajawahi. Mtaa mzima, ndugu, hata padri aliyetufungisha ndoa, wote wamewahi kuniita hivyo. Yeye hajawahi hata kwa mzaha. Nilikuwa nadhani jina hilo halimfurahishi masikioni tu.

"Hapana," nikasema.

"Basi."

Akarudia kutazama kioo. "Batu bote bataona hapa?"

"Faraja akiandika, bote bataona. Asipoandika, hakuna."

"Asiandike. Lakini yeye ajue. Ni yaya yake." Akaelekea mlangoni, akageuka. "Na usifute."

Nikatazama. Pale kidole chake kilipogusa, pamebaki unga. Alama nyeupe ndogo, ya ncha ya kidole cha mama yako, juu ya kioo chako, ng'ambo ya mto, chini ya lile jiwe.

Sasa unaelewa kwa nini nilikuomba kiti. Ukigusa ile picha, hata kidogo tu kwa vidole vyako vya haraka, nchi itasogea na unga utabaki mahali pake, na utakuwa unaonyesha kilima cha watu wengine. Sijathubutu hata kupumua karibu nayo. Nimefunga dirisha kwa ajili ya upepo. Kwenye kona sasa ni asilimia kumi na mbili, umeme haujarudi, na sijui kompyuta ikizimika picha hurudi vile vile au huanza upya. Wewe unajua. Mimi nagusa kitufe changu na kusikiliza kila pikipiki inayopita.

Ukifika na bado inawaka, weka barua hii chini. Nyumba yetu uliyoiuliza Jumapili iko juu ya kilima, upande huu wa mto, karibu na kona ya njia ya ng'ombe; hiyo nitakuwekea kidole mwenyewe, na hiyo uandike ukipenda, pamoja na majina yake yote. Mahali pale pa pili, pa kaka yako, si pangu kukupa. Usichukue tarakimu zake kwanza. Nenda barazani, kaa chini karibu na mama yako, umwombe aje akuonyeshe.

Na ukikuta kioo kimezimika, usikipanguse. Mwite tu.

Ni mimi papa yako, yule wanayemwita Posisyo.